Mchanga ni Uleule

Muulize kijana yeyote pale Ukunda, stendi ya matatu, nani alifunga El Clásico ya mwisho. Atakwambia dakika, mguu, na aliyetoa pasi. Sasa muulize ni timu gani ya Pwani iliyowahi kuchukua ligi kuu ya Kenya. Atakuangalia kama umempa hesabu ya mtihani. Akijikakamua sana atasema Bandari. Si Bandari. Bandari walimaliza wa pili mwaka 2018, wakaishia hapo. Ni Feisal ya Mombasa, mwaka 1965.

Ligi yenyewe ilikuwa changa. Ilianza 1963, mwaka wa uhuru, wakabeba Nakuru All Stars. Mwaka uliofuata Luo Union. Wa tatu, Feisal. Tangu hapo hakuna timu ya Pwani iliyorudia, na sisi wajukuu hata jina hatulijui. Wachezaji wote wa Barca tunawajua, hadi yule wa akiba asiyevua koti.

Ukiyasema haya kwenye kibanda cha mpira, jibu ni lile lile: "Ligi ya Kenya si ligi bana. Ligi ni Spain." Hapo ndipo ninapotaka tugombane kidogo.

Hiyo Spain unayoijua haikushuka na mvua. Ligi yao ilianza Februari 1929, timu 10 tu, mechi 18 kila moja. Barcelona walichukua kwa pointi 25, Madrid wakawa wa pili na 23. Hadi hapo utasema, si ndio hao hao? Ngoja. Soma na majina mengine kwenye ile orodha. Kulikuwa na Real Unión kutoka Irún, mji mdogo mpakani na Ufaransa, sawa na timu ya Lungalunga kucheza ligi kuu. Kulikuwa na Europa, timu ya mtaa mmoja wa Barcelona. Na kulikuwa na Arenas, kutoka Getxo.

Hawa Arenas ndio walionikosesha usingizi. Getxo iko ufukweni, kando ya mji mkubwa wa bandari, Bilbao. Mto umekatiza katikati, na tangu 1893 watu wa pale huvuka kwa kibanda kinachoning'inia kwa nyaya chini ya daraja la chuma, abiria na magari pamoja. Ukimweleza mtu wa Likoni ataelewa mara moja: ni feri, ila ya hewani. Na hilo jina Arenas, kwa Kihispania, ni mchanga. Timu ya mchanga, ng'ambo ya kivuko, kando ya mji wa bandari. Mwaka 1919 waliwafunga Barcelona 5-2 kwenye fainali ya Kombe la Mfalme. Miaka 10 baadaye wakawa miongoni mwa waanzilishi wa ligi.

Kwa hivyo usiniambie kwamba Diani, Msambweni na Kinango ni padogo mno kwa mpira wa maana. Udogo haujawahi kuwa sababu. Arenas walishuka daraja 1935 na hawajarudi juu tena, lakini hadi leo timu ipo, na mtu wa Getxo anajua babu yake alishangilia nini. Sisi tuliobeba kombe letu kabla hata nchi haijatimiza miaka miwili ya uhuru, babu zetu walishangilia nini?

Najua utakachosema. Utasema uozo uko juu. Kweli. FIFA ilitufungia mwaka 2022, nchi nzima ikakaa nje karibu mwaka mzima kwa ugomvi wa wakubwa. Utasema viwanja ni vibovu. Kweli pia, sisi tunaocheza ufukweni refa wetu wa mwisho ni maji. Yakijaa, mechi imekwisha, hata kama una penalti. Utasema viongozi wanatuletea jezi na mipira miwili miezi mitatu kabla ya kura, wakishapita, kombe nalo linapita. Yote kweli.

Lakini wanaweza kufanya hivyo kwa sababu hakuna anayewauliza, na hatuulizi kwa sababu hatupo. Jumapili jioni vijana 22 wanacheza, watazamaji ni mbuzi watatu na muuza mabuyu. Sisi tuko kibandani, tumelipa kiingilio, tumebeti na pesa ya unga. Siku ukuta ukijengwa katikati ya uwanja, nani ataupigania? Hakuna anayelilia mahali ambapo hajawahi kusimama.

Tena hiyo Spain yenyewe inatusuta. Januari 2018 Michael Olunga aliifungia Girona mabao matatu dhidi ya Las Palmas, mechi ikaisha 6-0. Mkenya wa kwanza kufunga hat-trick kwenye La Liga. Kibandani tulipasuka koo. Alitoka wapi? Tusker, Thika United, Gor Mahia. Ligi ile ile tunayosema si ligi ndiyo iliyompika. Tulimshangilia alipoonekana kwenye skrini. Alipokuwa hatua chache kutoka kwetu, kwa bei ya sahani ya viazi karai, hatukwenda.

Sisemi uache Barca. Mimi mwenyewe siachi. Nasema mapenzi ya mbali yasiwe kisingizio cha kumnyima jirani. Na kuna jambo moja haliwezi kungoja msimu ujao. Mzee aliyekuwa na miaka 20 Feisal wakichukua kombe, leo anagonga 80. Wapo, Mombasa na huku kwetu, wanakaa barazani na kahawa tungu, wanakumbuka nani alicheza namba ngapi na watu walivuka vipi kwenda kuwaona. Simu unayobetia ina kinasa sauti. Mpigie shikamoo, kaa chini, bonyeza, umwache aongee. Akiondoka na hadithi yake, usije ukaniuliza kwa nini Pwani haina historia ya mpira.