Mviking na Sisi: Mshenzi ni Nani?

Hakuna neno linalomtoka mtu wa siku hizi kwa wepesi kama neno "mshenzi", hasa anapowataja watu waliokufa, ambao hawawezi kumjibu. Likitajwa jina la Waviking, wale mabaharia wa Norwe, Denmark na Uswidi walioitisha Ulaya kwa muda wa karibu miaka mia tatu, msomaji humwona moyoni mwake mtu mchafu, mwenye ndevu zilizotatizana na kofia ya chuma yenye pembe mbili, akishuka chomboni na shoka mkononi. Kisha hujitazama yeye mwenyewe, akaitazama sare yake na vitabu vyake, akashukuru kwamba amezaliwa katika zama za ustaarabu. Shukrani hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga.

Kwanza tuiondoe ile kofia. Haijapata kufukuliwa kofia ya Mviking yenye pembe. Pembe hizo zilienezwa na mavazi ya opera za Wagner zilizoonyeshwa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Uchafu je? Makaburi yao yametoa vitana vingi vya mfupa, na jina la Jumamosi katika lugha yao lilikuwa na maana ya siku ya kuoga. Ni kweli kwamba Ahmad ibn Fadhlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad aliyewakuta kando ya mto Volga mwaka 922, aliwasifu kwa miili iliyonyooka kama mitende, lakini akawaona wachafu kupita viumbe wote. Walakini yeye aliwapima kwa kipimo cha mtu atawadhaye mara tano kwa siku, na nadhani Ulaya yote ya wakati ule isingalikifikia kipimo hicho.

Msomaji asidhani kwamba nawapamba. Mwaka 793 waliuvamia utawa wa Lindisfarne, katika kisiwa cha pwani ya Uingereza, wakawaua watawa wasiokuwa na silaha na kuwachukua wengine mateka. Ujambazi si biashara, hata ukifanywa kwa chombo kizuri. Wala hilo halikuwa baya kuliko yote. Kazi iliyowatajirisha ilikuwa kuuza watu. Dublin palikuwa na soko lao la watumwa, na vyombo vyao viliwateremsha wengine kwa mito ya Urusi mpaka kwa wafanyabiashara wa nchi za Kiislamu. Mwaka 1999, katika kisiwa cha Gotland, ilichimbuliwa hazina ya zaidi ya kilo 60 za fedha, na ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote za nchi za Kiislamu. Sehemu ya fedha ya namna hiyo ilikuwa bei ya ngozi za wanyama, na sehemu ilikuwa bei ya binadamu. Ibn Fadhlan huyo huyo alimwona kijakazi akiuawa ili afuatane na bwana wake aliyekufa. Na tusisahau kwamba dola ya Baghdad iliyopokea watumwa wa kaskazini ilipokea na wa kwetu: watumwa walioasi karibu na Basra kuanzia mwaka 869 hata 883 waliitwa Zanj, jina ambalo Waarabu waliipa pwani hii yetu.

Haya, sisi je? Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba mtu yeyote asiwekwe utumwani. Mwaka 2022 Shirika la Kazi la Kimataifa, pamoja na wenzake, lilikadiria kwamba mwaka uliotangulia watu wapatao milioni 50 walikuwa katika hali ya utumwa: milioni 28 wakifanyishwa kazi kwa nguvu, na milioni 22 wakiishi katika ndoa walizolazimishwa. Mviking alimuuza mtu sokoni mchana, mbele ya watu. Sisi tunamfungia mtumishi mlango, tunaiweka pasipoti yake sandukuni, na kumwita mwajiriwa.

Mpinzani wangu atasema kwamba hapo ndipo penye tofauti: Mviking hakuona haya, na sisi twaona. Nakubali, na sikubali shingo upande. Hapakuwa na sheria ya Mviking iliyosema kwamba kumuuza mtu ni dhambi. Yetu inasema, na mtu akiweza kusimama na kuionyesha, hilo ni jambo kubwa. Lakini sheria hiyo ina mkono wa kumshika mkosaji? Swali hili Waviking walilijua kabla yetu.

Yapata mwaka 930 walowezi wa Iceland, ambao hawakuwa na mfalme, walianzisha baraza lao, Althing, katika bonde la Thingvellir. Walikutana kila mwaka wakati wa kiangazi. Sheria zao hapo mwanzo hazikuandikwa. Msemaji wa Sheria alisimama juu ya mwamba akazikariri kwa moyo, theluthi moja kila mwaka, hata mwaka wa tatu ulipotimia alikuwa amezimaliza zote. Na mtu huru aliyesimama chini alisikia, kwa lugha ya mama yake, sheria ambayo ingemhukumu. Yapata mwaka 1000, nchi ilipokaribia kupigana kwa ajili ya dini, Wakristo na wafuasi wa miungu ya kale walimwachia Msemaji Thorgeir akate shauri, naye hakuwa Mkristo. Alilala mchana na usiku kucha akiwa amejifunika joho, kisha akaamka na kuamua kwamba wote wabatizwe. Wakatii pasipo vita. Na wanawake wao waliweza kumiliki mali na kumwacha mume, hali mke wa Kiingereza alingoja mpaka sheria ya mwaka 1882 ndipo apate haki kamili ya mali yake mwenyewe; na Waingereza ndio waliokuja huku kutufundisha nani aitwe mshenzi.

Lakini baraza lile lilikuwa na kilema. Lilihukumu, wala halikuwa na askari hata mmoja. Aliyeshinda kesi alitakiwa aitekeleze hukumu yeye mwenyewe, kwa nguvu zake na za jamaa zake. Mnyonge alishinda bure asipompata mkuu wa kumshika mkono. Katika karne ya 13 jamaa chache zenye nguvu ziliigeuza nchi uwanja wa vita, hata kati ya 1262 na 1264 watu wakajiweka chini ya mfalme wa Norwe.

Sasa litazame baraza letu sisi tuliostaarabika. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iko The Hague, ina majaji 15 na jengo zuri. Mwaka 1986 iliamua kwamba Marekani iliivunjia Nikaragua sheria ya mataifa. Nikaragua ilipolipeleka jambo hilo kwenye Baraza la Usalama ili hukumu itekelezwe, Marekani ilitumia kura yake ya turufu. Mkulima wa Iceland angaliielewa kesi hiyo mara moja, bila mkalimani.

Juu ya kuua sitasema mengi. Mviking alimwona uso aliyemuua. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu moja liliangushwa juu ya Hiroshima kutoka mbinguni, na hata mwaka ule ulipokwisha watu zaidi ya laki moja wamekufa, hali aliyelifungulia hakumwona hata mmoja wao.

Nawarudia wale milioni 28. Wako miongoni mwao vijakazi waliovuka bahari, na wako waliofika mahakamani wakashinda kesi za mishahara yao, wakapewa karatasi yenye mhuri, wakarudi kwao bila senti moja. Mnyonge wa Iceland naye aliondoka Thingvellir na hukumu njema, akapanda farasi wake, akarudi nyumbani kumngoja yule yule aliyemdhulumu.