Fimbo ya Nyumbani na Uonevu Shuleni

Mwanafunzi mwenye nguvu anapompokonya mwenziwe chakula, au kumpachika jina la kumdhalilisha, wengi hupendekeza aitwe mzazi aje amchape. Methali hutajwa: samaki mkunje angali mbichi. Lakini methali hiyo yasema kukunja, haisemi kuvunja.

Mtaalamu Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu katika shule za Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitoa mwaka 1980 matokeo ya uchunguzi wake juu ya wavulana na malezi yao. Mambo manne yalionekana kukuza ugomvi wa kijana: kukosa upendo wa mama tangu utotoni, ugomvi wake kuachwa bila kukanywa, adhabu za mabavu, kama vipigo na hasira kali, na harara ya kuzaliwa nayo. Kipato na elimu ya wazazi havikuonekana kuwa na uzito.

Yafaa fimbo na ulegevu vitazamwe pamoja, maana hudhaniwa kuwa kimoja ni dawa ya kingine. Kumbe vyote viwili hufundisha somo moja: mwenye nguvu hufanya atakavyo. Penye fimbo, mwenye nguvu ni mzazi. Penye ulegevu, ni mtoto mwenyewe. Afikapo shuleni, mtoto huyo humtafuta aliye dhaifu kuliko yeye.

Ipo njia ya tatu. Katika miaka ya 1960 Diana Baumrind wa California, Marekani, alitofautisha malezi ya amri tupu, malezi ya kulegea, na malezi yaunganishayo upendo na msimamo. Katika haya ya mwisho mzazi hukataza, hueleza sababu ya katazo, humsikiliza mtoto, na hata hivyo hasogezi mpaka aliouweka. Huko ndiko kukunja samaki.

Isidhaniwe kwamba kila mwonevu ametoka katika nyumba mbaya. Tabia ya asili ina sehemu yake, na shule isiyokanya uonevu huuzidisha. Hata hivyo, mwalimu amwitapo mzazi hana budi kumwita kwa mashauri, wala si kumkabidhi fimbo. Wakubaliane mwiko mmoja utakaoshikwa nyumbani na shuleni, na jinsi mkosaji atakavyomtengenezea aliyemdhulumu. Kumchapa mwonevu mbele ya wenziwe ni kumrudia somo ambalo tayari analijua, na atakayelipia ni yule mnyonge, baada ya kengele ya mwisho.