Kuacha nyama si kuacha dawa



Mwezi uliopita aliletwa kituoni kwetu mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, mgonjwa wa kisukari na shinikizo la damu kwa miaka mingi. Kijana wake aliyeko ng'ambo alimtumia kwenye simu mawaidha ya watu wanaokula mimea tupu: hawali nyama, samaki, mayai, maziwa, wala hata asali. Mzee akayapenda. Akaacha vyote hivyo tangu mwaka jana, kisha miezi minne iliyopita akaacha na vidonge.

"Shikamoo shekhe. Dawa umeziacha kwa nini?"

"Marahaba, daktari. Si nyinyi mliosema maradhi haya yanaletwa na chakula? Basi chakula nimekibadili."

Nilipompima, shinikizo lilikuwa 190 kwa 110. Miguu ilikuwa na ganzi, hasikii hata kandambili ikimtoka. Lakini sikuweza kumwambia kuwa amedanganywa moja kwa moja, kwa sababu uzito wake ulikuwa umepungua, na sukari haikuwa mbaya kama nilivyotarajia kwa mtu aliyetupa dawa. Nusu ya aliyoambiwa ilikuwa kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyotaka kumuua.

Tuanze na dini, maana hapo ndipo maswali mengi yanapotoka. Mlo huu, ambao wenyewe huuita vegan, ulipewa jina hilo Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, na kwa wengi wao ni msimamo kwamba mwanadamu hana haki ya kumtumia mnyama. Muislamu hawezi kulikubali hilo. Surat An-Nahl inawataja wanyama wa mifugo kuwa ni neema, na Surat Al-Maidah aya ya 87 inatukataza kujiharamishia vizuri tulivyohalalishiwa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliulizwa na Mola wake, mwanzoni mwa Surat At-Tahrim, kwa kujizuilia kitu cha halali, na riwaya mashuhuri inasema kitu hicho kilikuwa ni asali.

Lakini halali si faradhi. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa miezi ilikuwa ikipita bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, chakula chao kikiwa tende na maji. Anas (R.A.) amesimulia jinsi Mtume alivyokuwa akiyatafuta maboga pembezoni mwa sahani. Na Imam Malik katika Muwatta amepokea onyo la Sayyidna Umar (R.A.) kuhusu nyama, kwamba humzoesha mtu kama pombe inavyomzoesha mlevi. Kwa hiyo mwenye kuiacha kwa ajili ya afya yake hana neno, maadamu hasemi ni haramu wala hambezi anayekula. Hata udhhiya anaweza kuchinja na kuigawa kwa mafukara.

Sasa faida. Nyuzinyuzi za maharage, kunde, choroko, mbaazi na mboga za majani hulainisha choo, hushibisha mapema na hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Mwaka 1997 ulichapishwa Marekani utafiti uitwao DASH: wenye shinikizo la juu waliolishwa matunda na mboga kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi na nyama kidogo walishuka kwa takriban 11 katika ile namba ya juu. Si haba, lakini toa 11 katika 190 ya mzee wetu uone kama vidonge vinaachika. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Alama ya halali kwenye pakiti ya soseji inatuhakikishia uchinjaji tu.

Kuhusu jongo nataka kukiri kosa letu watu wa hospitali. Kila baada ya Idd el-Hajj wanakuja wenye vidole gumba vya miguu vilivyovimba, na tulizoea kuwakataza nyama pamoja na maharage. Utafiti wa mwaka 2004 uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12 ulionyesha kuwa nyama na vyakula vya baharini ndivyo vilivyoambatana na jongo. Mboga na jamii ya kunde hazikuambatana nalo. Basi mwenye jongo apunguze maini, figo na nyama nyekundu, maharage ale. Mwenye maradhi ya figo ndiye amwone daktari kwanza, kwa sababu ya madini ya potasiamu.

Wapo pia wanaodhani kila kisicho na mnyama ni dawa. Chipsi hazina mnyama. Soda haina mnyama. Mihogo ya kukaanga, chapati za mafuta na tui zito la kila siku ni mimea mitupu, na ndivyo vinavyotujazia kliniki.

Hatari kubwa ya mimea tupu ni vitamini B12. Hii hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mchicha hauna, maharage hayana, na mlonge unaosifiwa kila kona usiutegemee kwa hilo. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana mtu hujiona mzima, kisha huja upungufu wa damu, ganzi na usahaulifu. Dawa ya kisukari ya metformin ikitumiwa miaka mingi nayo hupunguza B12, na mzee wetu aliimeza miaka minane. Anayekula mimea tupu lazima ameze vidonge vya B12, hilo halina mjadala. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasiingizwe katika mlo huu bila usimamizi wa mtaalamu. Mtoto akikosa B12 huumia ubongo.

Madini ya chuma yamo katika maharage, lakini chai ya rangi inayoteremshia chakula huyazuia. Chai isubiri saa moja, na limau likamuliwe juu ya mboga. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemke sawasawa. Mboga za majani, hasa zile zinazolimwa kando ya mitaro hapa mjini, zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani. Kachumbari imeshawapeleka wengi chooni.

Mzee wetu amerudia dawa zake na anapata sindano za B12. Maharage na mchicha anaendelea navyo, na samaki amekubali mara mbili kwa wiki. Alipouliza kuhusu asali nilimwambia aendelee kuiacha, ila sababu ni kisukari chake, si haki za nyuki. Akacheka sana. Juzi shinikizo lilikuwa 150 kwa 90, bado liko juu, na Jumatatu atarudi tumpime tena.