Unacheka Kiingereza changu? Ngoja kwanza

Juzi niliposti: "Although I left campus, but I still read." Msee mmoja akajibu eti, "Ndio maana uliacha chuo." Watu wakacheka siku nzima.

Sawa, kosa ni langu. Kiingereza kinataka moja tu: "although" ama "but". Lakini kosa limetoka wapi? Kwa Kiswahili nasema "ingawa niliacha chuo, lakini bado nasoma" na hakuna anayeshtuka. Nilihamisha tu.

Tena Kiingereza hichohicho kinapenda pacha. "Neither" inataka "nor". "No sooner" inataka "than", na hiyo tuliikariri kama wimbo ndio insha ipate maksi. Kwa "although... but" mwalimu alichora tu mstari mwekundu, akapita. Hakuna aliyewahi kuniambia, "Hapa ni Kiswahili chako kinaongea." Badala yake tulivishwa diski shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani.

Walimu, wekeni hizi lugha mbili kando kwa kando ubaoni. Dakika tano zinatosha.

Na wewe unayecheka, ama unifunze ama unyamaze. Hiyo "ama... ama" nayo ni pacha. Itafsiri. Ukiandika "or... or", tutakutana kwa komenti.