Butiama au Bujora: Tusichague kwa Uvivu

Walimu na watumishi wa umma wa Mkoa wa Mara wanaujua ubishi unaozuka kila inapopangwa ziara ya wanafunzi kwenda jijini Mwanza. Fedha ni chache na siku ni moja. Upande mmoja husema safari ya mjini iachwe, watoto wapelekwe Butiama, kwenye Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere. Upande wa pili husema basi lishike barabara kuu, lipite Bunda na Magu, lisimame Kisesa kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Ubishi huo si mbaya. Kibaya ni hoja zinazotumiwa kuumaliza.

Wanaotaka Butiama husema kwamba Bujora ni ngoma tu. Wanaotaka Bujora husema kwamba Butiama ni nyumbani, tutakwenda siku yoyote. Na siku hiyo haifiki. Hoja ya kwanza ni dharau, na ya pili ni uvivu.

Makumbusho ya Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, ni ya maisha ya mtu mmoja. Humo mna picha, zawadi na vitu vya kiongozi aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1922, akazikwa hapo hapo Oktoba 1999. Bujora, kituo kilichoanzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement kutoka Kanada, ni ya watu wengi wasiotajwa majina. Humo mna nyumba ya familia ya Kisukuma, nyumba ya mhunzi, habari za vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi linalohifadhi ngoma na viti vya enzi.

Wako wanaodai kuwa kumwonyesha mtoto ngoma za watemi ni kuchochea ukabila. Kasumba hiyo hatuna budi kuikataa. Desemba 1962, alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1963 serikali yake ikaondoa madaraka ya machifu. Huyo ni mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki! Aliunyang'anya utawala wa kurithi nguvu zake, wala hakuutupa utamaduni wa watu.

Hapo ndipo makumbusho haya mawili yanapohitajiana. Mwanafunzi aliyeona Bujora peke yake atadhani viti vile vimewekwa pale kwa sababu ya uzee wake tu. Aliyeona Butiama peke yake hatajua ni enzi ya namna gani ambayo mtoto wa chifu aliikomesha.

Kwa hiyo, kwa shule za Musoma, Bunda na Butiama, basi la siku moja liende Bujora. Butiama isiitwe ziara. Iwe somo la kila mwaka, kwani umbali si kisingizio. Tena liwe somo lenye maswali, si kupanga mstari kaburini, kupiga picha na kurudi. Mtumishi anayehamishiwa Mara kutoka mikoa mingine, yeye na aanzie Butiama, apate kumjua aliyetoka katika wananchi anaokwenda kuwatumikia.

Na wanafunzi wakirejea kutoka Bujora wapewe kazi. Wawaulize bibi na babu zao majina ya vyombo, zana na ngoma kwa Kizanaki, Kijita, Kikurya na Kiikizu, wayaandike daftarini. Ikiwa padri kutoka ng'ambo alitambua thamani ya vitu vya Wasukuma, sisi wa Mara tunamngoja nani aje kutukusanyia vyetu?

Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya maili 100, kuunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa Februari mwaka huo. Alizishika njia hizo hizo zinazotuunganisha na Mwanza. Aliyezipita kwa miguu hakutoa udhuru wa umbali. Sisi wenye mabasi tunao udhuru gani?