Kengele ya Seminari Haifiki Nyumbani



Likizo iliyopita baadhi yetu mafrateri tulikuwa Haneti, wilayani Chamwino, tukimsaidia katekista kutembelea familia. Katika nyumba moja tulimkuta mzee aliyefiwa na mkewe miezi michache kabla. Alipokuwa akitusimulia siku za mwisho za marehemu, simu ya mmoja wetu ikatetemeka mfukoni, kisha ya mwingine. Sote tukazitazama. Mzee akanyamaza, akasema kwa upole: “Malizeni kwanza, mafrateri. Mimi nipo tu.” Ujumbe wenyewe ulikuwa ubishi wa Simba na Yanga. Tulipomwomba aendelee, alisema yamekwisha.

Tangu siku ile tumejiuliza mengi. Seminarini kengele hutuamsha, hutupeleka kanisani, darasani na mezani, na simu zina saa zake. Tulidhani tuna kiasi. Kumbe kiasi kilikuwa cha kengele, si chetu. Aristotle anafundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda jema tena na tena, kwa hiari, mpaka liwe tabia. Aliyezuiwa tu bado hajafika huko.

Hatusemi simu ni adui. Haneti mvua ni ya msimu mmoja, na mtama au alizeti ikikauka, akina baba huenda kutafuta vibarua. Dodoma ilitangazwa jiji mwaka 2018, na ujenzi wake unahitaji mafundi na saidia fundi. Baba aliye huko hutuma fedha ya mahindi kwa simu, na usiku huwasalimu watoto kwa simu hiyo hiyo. Mama akiizima jioni, amemfungia baba mlango. Kwa hiyo kusema “zimeni simu” hakutoshi. Kila mmoja anapaswa kuipima nyumba yake.

Lakini simu hiyo hiyo huleta kazi mezani. Mwalimu amerudi nyumbani, ugali na mlenda viko tayari, na grupu la kazini linadai taarifa usiku huo huo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, sheria inayataka makampuni makubwa yajadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kutoshughulikia ujumbe wa kazi nje ya saa. Ni jambo jema. Hata hivyo tukubali ukweli: mara nyingi hakuna bosi anayetuita. Tunajibu la kazi kwa dakika mbili, kisha tunabaki saa nzima kwenye video za vichekesho. Mtoto akileta daftari tunamwambia, “Subiri, niko kazini.” Hapo kazi imekuwa kisingizio, na hakuna sheria ya nchi itakayotuokoa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anautaja udadisi usio na mpaka kuwa kilema kinachopingana na kiasi. Halaumu hamu ya kujua. Analaumu, pamoja na mengine, hamu inayotuondoa kwenye jambo tunalowajibika nalo. Naye Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyeipenda kompyuta, alijiwekea saa moja tu kwa wiki ya michezo ya video. Tuzingatie neno hilo: alijiwekea.

Sisi tumeanza na mambo matatu. Kwanza, wakati wa chakula na sala simu zinakaa kapuni karibu na mlango. Anayesubiri simu ya baba au ya mgonjwa huiachia sauti. Pili, tunawaambia wenzetu saa tunazopatikana, nasi hatuwatumii ujumbe wa kazi usiku, kwa maana ujumbe wetu hutua kwenye meza ya familia nyingine. Tatu, tumekubaliana kuonyana, na anayeonywa hakasiriki. Nyumbani, mtoto naye apewe ruhusa hiyo.

Haya si mageni kwetu. Ugogoni salamu huanza na “Mbukwenyi”, kisha huulizwa watoto, mifugo na mvua, bila haraka. Huwezi kuitikia salamu hiyo macho yakiwa kwenye kioo.

Kabla ya kuondoka Haneti tulirudi kwa yule mzee, simu tukiwa tumeziacha kwa katekista. Tukasalimiana, tukakaa mpaka jua likazama. Habari za mkewe hakuzirudia, nasi hatukumdai.

Ndugu msomaji, leo jioni kuna mtu nyumbani kwako mwenye neno la kukuambia. Kengele haitalia kukukumbusha. Weka simu chini mwenyewe.