Nyumba za Maendeleo: Mkandarasi wa Nyumbani Haji kwa Kuitwa tu



Kila ikizungumzwa kukarabatiwa zile nyumba za maendeleo, suali letu huwa moja: nani atatoa pesa? Tunabishana wafadhili, mikopo na bajeti ya SMZ mpaka tunachoka. Suali la pili, nani atafanya kazi, hatuliulizi. Na hilo ndilo litakaloamua kama pesa hizo zitabaki Ng'ambo au zitapita tu kama mvua ya vuli.

Tukumbushane kidogo. Kikwajuni na Kilimani zilijengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Baadaye ikaja Michenzani, ndoto ya Mzee Karume, na za mashamba kama Makunduchi na Bambi, na Pemba kule Wete, Chake Chake na Mkoani. Zege lile lilibebwa na Wazanzibari wenyewe, wengine kwa hiari na wengine kwa ile "hiari" tunayoijua. Sasa umri umefika. Paipu za maji machafu zimechoka, na hewa ya bahari haioni huruma kwa nondo. Anayeishi chini anaoga maji ya anayeishi juu.

Ukiuliza kwa nini kazi asipewe mkandarasi wa nyumbani, utajibiwa haraka: "Hawajitokezi, na wakijitokeza hawana uwezo." Jamani, hebu tuisome tenda yenyewe kabla ya kumlaumu mtu. Anatakiwa dhamana ya benki. Anatakiwa aonyeshe mauzo makubwa ya miaka kadhaa nyuma na kazi za aina hiyo hiyo alizokwishafanya. Halafu kazi yote, kuanzia paa mpaka choo, imefungwa kifurushi kimoja. Fundi mwenye vijana kumi na wawili na gari moja la kubebea mchanga ataingilia wapi hapo? Anachofanya ni kuwa kibarua wa aliyeshinda, au kumkodisha jina lake mwenye mtaji.

Bara, kwa mfano, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imetenga kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 kwa makampuni ya wazawa. Ni jambo zuri, lakini bilioni 50 si kima cha fundi wa Jang'ombe. Kumfungulia mlango mzawa mkubwa si kumfungulia mzawa mdogo.

Kuna na malipo. Mkandarasi mdogo hukopa saruji na mabomba dukani. Hati yake ya malipo ikilala ofisini miezi sita, mwenye duka hailali. Akipata hasara mara moja, mara ya pili hatii tenda, au anapandisha bei kufidia usumbufu. Tunasema ni ghali, kumbe tunamlipa kwa ucheleweshaji wetu wenyewe.

Tena ukarabati si sawa na kujenga upya. Nyumba mpya unaipima kwenye ramani. Nyumba ya miaka hamsini huijui mpaka umebomoa plasta. Ukimfunga mtu kwa bei moja isiyobadilika, mwenye akili atakimbia, na atakayebaki ni asiyejua hesabu au anayepanga kulipua kazi. Dawa yake si ngumu. Serikali ifungue kuta za nyumba chache mwanzo, wakandarasi wote waitwe siku moja wakaone kwa macho, na kila kipimo cha kazi kiwe na bei yake ili kitakachozidi kilipwe kwa haki.

Wenzetu wamepita njia hii. Marekani, sheria ya nyumba ya 1968 ina kifungu cha tatu kinachotaka pesa za nyumba za umma ziwafaidishe kwa ajira na kandarasi watu wa kipato cha chini wa maeneo hayo. Kanuni za 2020 zikaweka kipimo: robo ya saa za kazi zifanywe na watu hao. Wanahesabu saa, si hotuba.

Lakini tusidanganyane, udogo wa kazi pekee si dawa. Februari 2024, wafanyakazi 70 wa mamlaka ya nyumba za umma ya New York, waliopo na waliokwishaondoka, walishitakiwa kwa rushwa. Vikazi vya chini ya dola 10,000 havikuhitaji ushindani, basi mashitaka yakasema mkandarasi alitakiwa atoe kitu kidogo, mara nyingi asilimia 10 mpaka 20. Wengi wamekwishatiwa hatiani. Kama hayo yametokea huko, kwetu tunakojuana kwa majina na koo itakuwaje?

Na bei ya chini isiwe ndiyo kila kitu. London, jengo la Grenfell lilikarabatiwa likavishwa mabamba ya bei nafuu yanayoshika moto. Juni 14, 2017 wakafa watu 72. Rahisi huwa ghali.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kazi igawanywe ngazi kwa ngazi: paipu mbali, umeme mbali, paa mbali. Lakini kila kipande, hata kidogo, kishindaniwe hadharani. Dhamana ya benki iondolewe kwa kazi ndogo, na badala yake sehemu ya malipo izuiwe mpaka mvua za masika zipite. Pesa ya kazi itengwe kabla ya tenda kutangazwa, na hati ilipwe ndani ya siku 30. Mlangoni pa kila ngazi kibandikwe jina la mkandarasi, bei yake na siku ya kumaliza. Bibi wa ghorofa ya tatu ndiye mkaguzi bora, maana yeye ndiye anayevujiwa.

Wapo watakaosema napendelea wa kwetu. Sawa, napendelea. Mgeni akimaliza anapanda ndege. Kijana wa Kikwajuni akilipua kazi, atakutana na mwenye nyumba sokoni Darajani kila wiki. Hiyo ni dhamana ambayo benki haitoi.